Usipoziba Ufa: Matunzo na Matengenezo ya Madirisha ya Vioo Viwili Nyumbani

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mmoja wa mafundi wetu wa majengo mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wahisani wanaozungumza Kiswahili waishio Uingereza. Tunaichapisha kwa ombi la waliohudhuria, na kwa faida ya kamati za parokia zilizoko nyumbani, ambazo nazo zina majengo ya kutunza.



Bila shaka baadhi yenu mmeshangaa kuona kwenye ratiba kwamba baada ya taarifa ya visima na taarifa ya karo za wanafunzi inafuata mada ya madirisha. Mnajiuliza, madirisha yanahusiana nini na maendeleo? Jibu langu ni fupi. Mchango unaokwenda nyumbani hutoka kwenye mfuko wa familia inayoishi hapa, na wakati wa baridi mfuko huo hutobolewa na gharama ya kupasha nyumba joto. Mwezi Oktoba 2021 kikomo cha bei ya nishati kwa kaya ya kawaida kilikuwa pauni 1,277 kwa mwaka. Ilipofika Oktoba 2022, hata baada ya serikali kuingilia kati na kuibana bei, kaya hiyo hiyo ilikadiriwa kulipa takriban pauni 2,500. Bei zimepanda na kushuka tangu wakati huo, lakini hazijarudi zilikokuwa. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Joto linalotoka dirishani kidogo kidogo usiku kucha ndilo linalomaliza buyu letu.

Jambo la pili ni zito kuliko fedha, nalo ni afya ya watoto. Nitalieleza baadaye. Kwa sasa niseme tu kwamba dirisha likitunzwa vizuri hulinda kifua cha mtoto, na likitelekezwa hukidhuru.

Dirisha la vioo viwili ni nini

Wengi wetu tumezaliwa katika nyumba zenye mbao, louva au kioo kimoja, na dirisha la vioo viwili tumelikuta huku. Tunadhani ni kioo kinene tu. Sivyo. Ni vioo viwili vilivyotenganishwa na nafasi, mara nyingi milimita 16, iliyofungwa kabisa. Katika nafasi hiyo kuna hewa kavu, au gesi iitwayo agoni, ambayo hupitisha joto kidogo kuliko hewa. Pembezoni, kati ya vioo, kuna fito nyembamba yenye uwazi ndani, na mle ndani zimejazwa chembechembe zinazonyonya unyevu. Kisha kingo zote hufungwa kwa gundi maalumu. Mkusanyiko huu mzima nitauita pea ya vioo. Pea hiyo ndiyo hupachikwa kwenye fremu ya plastiki ngumu, alumini au mbao.

Wazo hili si geni. Mmarekani Thomas Stetson alipata hataza ya pea ya vioo mwaka 1865. Lakini vilikuja kuenea katika nyumba za watu wa kawaida baadaye sana, na kilichosaidia ni njia ya kutengeneza kioo kwa kukielekeza juu ya bati lililoyeyuka, ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959.

Je, faida yake ni kiasi gani? Tuchukue nyumba yenye madirisha ya jumla ya mita za mraba 10. Ndani ni nyuzi joto 20, nje ni nyuzi 5. Tofauti ni nyuzi 15. Kioo kimoja hupitisha takriban wati 5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Hivyo nyumba hiyo inapoteza wati 750 kila dakika ya usiku, kama vile umewasha hita ndogo na kuiweka nje uani. Vioo viwili vya zamani hupitisha takriban wati 2.8, na hasara inashuka hadi wati 420. Madirisha mapya yanayokidhi kiwango cha 1.4 kilichowekwa England mwaka 2022 hupoteza wati 210 tu. Hizo ndizo hesabu. Lakini hesabu hizi ni za dirisha linalofunga vizuri. Dirisha lenye mpira uliokatika na bawaba iliyolegea hupitisha upepo, na upepo haungoji hesabu.

Ukungu uko upande gani?

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Fundi, dirisha langu lina ukungu, je, limekufa?" Kabla ya kujibu, nami huuliza: ukungu uko upande gani? Pitisha kidole, kwa maana majibu ni matatu.

Kwanza, ukungu ukiwa upande wa nje, asubuhi ya baridi, usihangaike. Maana yake ni kwamba joto la ndani halitoki, kwa hiyo kioo cha nje kimebaki baridi. Dirisha lako linafanya kazi vizuri.

Pili, ukungu ukiwa upande wa ndani ya chumba, na ukipitisha kidole unapata maji, tatizo si dirisha. Tatizo ni unyevu ulio ndani ya nyumba. Ukibadilisha dirisha, umetupa fedha.

Tatu, ukungu ukiwa katikati ya vioo, na hauwezi kuufikia upande wowote, gundi ya pembezoni imeachia. Unyevu umeingia, na zile chembechembe zimekwisha kushiba. Hapo ndipo pea ya vioo imefikia mwisho wake.

Naomba mkariri mambo haya matatu, kwa sababu wako wauzaji wanaobisha hodi, wanaona maji kwenye kioo upande wa ndani, na wanamwambia mama wa watu abadilishe madirisha yote ya nyumba. Mama huyo alihitaji kufunika sufuria na kufungua dirisha robo saa.

Na hata pea iliyopata ukungu katikati si jambo la dharura. Inapoteza sehemu ya uwezo wake, na inachukiza macho, lakini bado ni vioo viwili. Ikiwa fedha ni chache, ziba kwanza mahali panapopitisha upepo. Pea inaweza kungoja.

Kazi tano za kila nusu mwaka

Ndugu zangu, kinga ni bora kuliko tiba. Chagueni siku moja mwezi Aprili na siku moja mwezi Oktoba, saa zinaporudishwa mbele au nyuma kukaribia, msije mkasahau. Kazi ni tano.

1. Safisha matundu ya kutolea maji. Chini ya fremu, upande wa nje, kuna matundu madogo. Watu wengi hawajayaona maisha yao yote, na wengine wameyaziba kwa silikoni wakidhani ni kasoro. Maji ya mvua kiasi fulani huingia ndani ya fremu, na fremu imeumbwa kuyatoa kupitia matundu hayo. Yakizibwa na vumbi, majani au buibui, maji hukaa ndani na kingo za pea huloa siku baada ya siku. Gundi inayokaa ndani ya maji haidumu. Chukua kijiti chembamba, zibua polepole, kisha fungua dirisha na umimine kikombe kidogo cha maji kwenye mfereji wa ndani ya fremu. Yakitoka nje, uko salama. Kazi hii haigharimu hata senti, nayo ndiyo inayozuia ubovu wa gharama kubwa kuliko wote.

2. Osha fremu na vioo. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya maji na kitambaa laini. Usitumie steelwool, mchanga wala dawa za unga za kusugulia sufuria. Plastiki ikikwaruzika hushika uchafu daima. Fremu ya mbao ikaguliwe rangi: ikibanduka, piga msasa na upake upya kabla ya mvua, maana mbao huoza kuanzia kwenye pembe za chini.

3. Kagua mpira wa kuzibia. Osha mpira kwa maji ya sabuni, ukaushe, kisha pitisha silikoni ya kupuliza ili usikauke na kupasuka. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi. Ili kujua kama unafunga vizuri, weka ukanda wa karatasi kati ya dirisha na fremu, funga, kisha vuta. Karatasi ikitoka bila kukaza, upepo nao unapita hapo. Fanya hivyo pande zote nne. Mpira ulioharibika hubadilishwa kirahisi: kata kipande cha sentimita 5, ukipeleke dukani kama sampuli, kwa sababu maumbo ni mengi na kwa macho yanafanana. Unapoupachika, usiuvute. Mpira uliovutwa hujirudi baada ya wiki chache na kuacha mwanya kwenye pembe. Ukate ukiwa mrefu kidogo, uusukume ndani.

4. Bawaba na vitasa. Kaza skrubu zilizolegea, futa vumbi, weka tone moja la mafuta mepesi ya mashine kwenye sehemu za chuma zinazosogea. Kitasa kikiwa kigumu usikilazimishe, kitakatika. Mara nyingi ni dirisha limeshuka kidogo, na bawaba inahitaji kurekebishwa au kubadilishwa. Bawaba mpya ilingane na ya zamani kwa urefu na kwa kimo. Dirisha la ghorofani likiwa na bawaba mbovu, usilishughulikie mwenyewe, mwite fundi.

5. Kagua silikoni ya nje. Pale fremu inapokutana na ukuta, silikoni ikipasuka maji huingia ukutani, na doa hutokea ndani ya chumba. Watu hulaumu dirisha kumbe ni mstari huo. Ondoa silikoni yote ya zamani kwanza, kausha, ndipo uweke mpya. Mpya juu ya mbovu haishiki.

Kazi zote tano kwa nyumba ya vyumba vitatu humalizika katika Jumamosi moja, na watoto wakubwa wanaweza kusaidia. Ni vizuri pia wajifunze.

Pea ya vioo ikiharibika

Sasa tuseme umepitisha kidole na ukungu uko katikati. Jambo la kwanza ni kutafuta karatasi za dhamana. Madirisha mengi huuzwa na dhamana ya miaka 10, na mara nyingi dhamana hiyo huihusu pea ya vioo. Mali bila daftari huisha bila habari: hifadhini risiti na vyeti.

Jambo la pili, fahamuni kwamba si lazima kubadilisha dirisha zima. Fremu ikiwa nzima, hubadilishwa pea peke yake, kwa sehemu ndogo ya gharama ya dirisha jipya. Tangu Aprili 2002, katika England na Wales, kubadilisha dirisha zima kunahitaji ama fundi aliyesajiliwa katika mpango kama FENSA, ama taarifa kwa halmashauri. Kubadilisha pea tu ndani ya fremu iliyopo hakuhitaji cheti hicho.

Jambo la tatu ni vipimo. Duka litataka namba tatu: upana, kimo na unene wa pea yote. Unene hutajwa kama 4, 16, 4, yaani kioo cha milimita 4, nafasi ya 16, kioo cha 4, jumla 24. Zipo pia za jumla ya milimita 28. Usipime sehemu ya kioo inayoonekana, kwa kuwa kingo zimejificha ndani ya fremu. Fundi hutoa kwanza vile vipande virefu vinavyobana kioo, akaipima pea yenyewe, akavirudisha.

Jambo la nne ni usalama. Kioo kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni, na kioo cha mlangoni au pembeni mwa mlango hadi milimita 1,500, kinapaswa kuwa kioo cha usalama, ambacho kikivunjika hakitoi vipande virefu vyenye makali. Kioo cha namna hiyo huwa na alama ndogo kwenye pembe. Mkiagiza, semeni wazi pea hiyo inakwenda mahali gani. Kadhalika, kumbukeni uzito. Pea yenye vioo viwili vya milimita 4 ina takriban kilo 20 kwa kila mita ya mraba. Dirisha la sebuleni la mita 1 kwa mita 1.5 lina kilo 30, tena lenye kingo kali. Ni kazi ya watu wawili wenye glavu nene na viatu, na ni ya dirisha la chini tu.

Wapo wanaotangaza huduma ya kutoboa kioo na kukausha unyevu ulio ndani. Kioo huonekana safi, hilo ni kweli. Lakini gesi hairudi, na gundi iliyoachia imebaki vile vile. Linganisheni bei yake na bei ya pea mpya kabla ya kutoa fedha.

Unyevu, kuvu na watoto wetu

Nimesema kwamba ukungu wa upande wa ndani unatokana na maisha ya ndani ya nyumba. Hapa tusemezane kwa upendo. Sisi huchemsha maharage saa mbili, tunasonga ugali, tunapika kwa watu wengi, tunafua kanga na kuzianika juu ya redieta kwa sababu nje kuna mvua. Hakuna dhambi katika hayo. Lakini mvuke ule wote hutafuta mahali penye ubaridi, na mahali hapo ni kioo, kisha pembe za ukuta nyuma ya kabati. Palipo na unyevu wa kudumu, kuvu nyeusi inaota.

Ya kufanya ni haya. Funika sufuria. Washa feni ya jikoni na ya bafuni, na ufunge mlango wa chumba hicho. Nguo zianikwe katika chumba kimoja, mlango umefungwa na dirisha limeachwa wazi kidogo. Kila asubuhi fungua madirisha dakika 10 hadi 15. Hewa hubadilika lakini kuta hazipoi. Kile kidirisha kidogo cha hewa kilicho juu ya fremu kisizibwe kwa gazeti. Futa maji kwenye kioo na kukamua kitambaa kwenye sinki. Acheni nafasi kati ya kabati na ukuta wa nje. Kipima unyevu ni kifaa cha bei ndogo. Kikisoma kati ya asilimia 40 na 60, nyumba iko salama.

Aidha, tusijibane joto kupita kiasi ili kuokoa fedha ya kutuma nyumbani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyuzi joto 18 kama kiwango cha chini cha usalama ndani ya nyumba wakati wa baridi, na watoto, wazee na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Nyumba baridi yenye mvuke ndiyo shamba la kuvu.

Kuvu ikishaota, usiisugue ikiwa kavu, maana hutawanyika hewani. Vaa glavu, fungua dirisha, watoto na mwenye pumu wakae chumba kingine, futa kwa kitambaa chenye dawa, kisha kitupe. Kamwe usichanganye dawa ya klorini na dawa nyingine ya kusafishia. Mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi ya sumu. Na kupaka rangi juu ya kuvu ni kuifunika tu, wala si kuitibu.

Kuhusu hilo la rangi nina sababu ya kulisisitiza. Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, alifariki mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan. Novemba 2022 uchunguzi wa mahakama ulithibitisha kuwa alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliosababishwa na kuishi muda mrefu katika kuvu ya nyumba yao. Baba yake alikuwa ametoa taarifa ya kuvu tangu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi. Wenye nyumba baadaye walikiri kwamba waliitazama familia ile kwa dhana kuhusu mtindo wake wa maisha, na kwamba walikosea. Nimewaambia tufunike sufuria, na ni kweli tufunike. Lakini mtu asitumie sufuria zetu kama kisingizio cha kutotengeneza feni, bomba linalovuja au dirisha bovu.

Haki na wajibu wa mpangaji

Wengi wetu hapa ni wapangaji. Mpangaji ana wajibu wa kuitumia nyumba kwa uangalifu na kutoa taarifa mapema. Mwenye nyumba naye ana wajibu wake. Katika England, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 ilimtwisha mwenye nyumba matengenezo ya sehemu za nje na muundo wa nyumba kwa mikataba ya muda mfupi, na madirisha yamo. Katika England, sheria ya mwaka 2018 iliongeza kwamba nyumba sharti ifae kukaliwa na binadamu. Na kutokana na kifo cha mtoto yule ilipatikana Sheria ya Awaab, iliyoanza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za mashirika ya makazi. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na uchunguzi ukishakamilika, nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi.

Ushauri wangu ni kwamba taarifa iandikwe, isiwe ya mdomo. Pigeni picha ya kuvu au dirisha bovu, andikeni tarehe, tumeni, hifadhini nakala. Mwenye lugha nyepesi ya Kiingereza amsaidie ambaye bado anajifunza. Naomba kila kamati iliyo hapa iteue mtu mmoja wa kusaidia kuandika barua hizo. Ni huduma isiyogharimu chochote.

Neno kwa kamati za parokia zilizoko nyumbani

Wahisani wetu mara kwa mara huuliza: nyumba zikibomolewa huku, madirisha ya vioo viwili hutupwa, kwa nini tusiyapakie kwenye kontena tuyapeleke parokiani? Nia ni njema, ila tujiulize maswali matatu kabla ya kulipia kontena.

Swali la kwanza: tatizo la mahali hapo ni baridi au ni joto? Pwani, kuanzia Tanga hadi Lindi, nyumba inahitaji upepo upite. Huko louva na wavu mzima wa mbu vina faida kuliko vioo viwili vilivyofungwa, kwani adui wa mtoto ni malaria. Katika nyanda za juu kama Njombe na Makete, ambako Juni na Julai baridi ni kali, hoja ipo, lakini hata huko dirisha la kioo kimoja linalofunga vizuri, lenye pazia zito, hutosheleza nyumba nyingi.

Swali la pili: pea itahimili safari? Pea iliyofungwa karibu na usawa wa bahari imebeba hewa ya huko. Ukiipandisha hadi mita 2,000, hewa ya nje inakuwa na mgandamizo pungufu kwa takriban asilimia 20, na vioo hufutuka kwa nje. Gundi huvutwa, na pea ndogo ndogo zinaweza hata kupasuka. Viwanda vinavyotengeneza pea za milimani huchukua tahadhari maalumu. Pea iliyotolewa kwenye nyumba ya zamani haina tahadhari hiyo.

Swali la tatu: ikiharibika, nani ataitengeneza? Kioo kimoja kikivunjika Njombe, fundi wa pale atakikata siku hiyo hiyo. Pea ikiachia gundi, itakaa hivyo. Kitu ambacho fundi wa kijiji hawezi kukitengeneza kinageuka mzigo.

Badala ya kontena, napendekeza jambo dogo. Kila jengo lililojengwa kwa michango, iwe zahanati, darasa au nyumba ya mapadre, liwe na daftari la matengenezo na mtu mmoja anayelishika. Mara mbili kwa mwaka azunguke: wavu wa mbu uliotoboka, kioo kilichopasuka, bawaba yenye kutu, rangi iliyobanduka, mfereji wa maji ulioziba. Aandike, akadirie gharama, alete kwenye kamati. Na wahisani nao, wanapochangia jengo, watenge sehemu ya mchango kwa matengenezo ya miaka inayofuata. Kukata utepe kunapendeza, lakini mgonjwa aliyelazwa mwaka wa nane anahitaji wavu usio na tundu.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ufupi nimesema haya. Tazameni kwanza ukungu uko upande gani. Zibueni matundu ya maji. Kagueni mpira na bawaba mara mbili kwa mwaka. Pea ikifa, badilisheni pea, si dirisha zima. Toeni mvuke nje, wala msipake rangi juu ya kuvu. Taarifa ziandikwe. Na huko nyumbani, jengo liende na daftari lake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunausema mithali hii kila siku. Naomba Jumamosi ijayo tuifanyie kazi kwa kijiti na kikombe cha maji.

Nipo tayari kwa maswali, na atakayetaka kujifunza kupima pea anione baada ya chai.